Uzi wa bundi: wako wa aina ngapi, wanaishi wapi, na makazi yao yamewaumbaje

Manyoya (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari zenu.

Kila mara mtu akiweka picha ya bundi na kuuliza ni bundi gani, anajibiwa "ni bundi tu," mada inafungwa. Leo naomba tuwape ndege hawa nafasi wanayostahili. Nitaandika kwa awamu. Mwenye swali aulize, mwenye nyongeza aongeze.

Bundi si mmoja. Wataalamu wanahesabu spishi zipatazo 250, na wanapatikana kila bara isipokuwa Antaktika. Wamewekwa katika familia mbili. Ya kwanza ni Tytonidae, wenye uso wa umbo la moyo, nao ni wachache. Ya pili ni Strigidae, na humo ndimo walimo wengine wote, kuanzia mwenye uzito wa gramu 40 hadi mwenye kilo nne na ushee.

Msimamo wangu katika uzi huu ni huu: ukitaka kumjua bundi, usianze na rangi yake. Anza na mahali. Pale alipo anawinda nini? Anataga wapi? Ukishapata majibu ya hayo mawili, masikio yake, miguu yake, saa zake za kazi na hata mlio wake vinaanza kueleweka.

Tuanze na anayejulikana zaidi, bundi wa ghalani (Tyto alba). Yuko Afrika na Ulaya, na ndugu zake wa karibu sana wako Amerika, Asia na Australia. Zamani wote walihesabiwa spishi moja, siku hizi wataalamu wengi wanawatenganisha. Huyu ni bundi wa maeneo ya wazi: mbuga, mashamba, kingo za misitu. Hutaga kwenye mapango, matundu ya miti, maghala na majengo yaliyoachwa. Chakula chake ni panya, na panya wa nyikani wanatembea usiku chini ya majani ambako jicho haliwafikii. Kwa hiyo bundi huyu anawinda kwa masikio.

Tundu moja la sikio liko juu kuliko jingine. Sauti ikitoka chini kushoto inafika kila sikio kwa wakati tofauti kidogo na kwa nguvu tofauti kidogo, na ubongo unapima tofauti hizo mbili kwa pamoja. Ule uso wa moyo unakusanya sauti na kuisukuma masikioni. Mwanasayansi Roger Payne, yule yule aliyekuja kujulikana kwa utafiti wa nyimbo za nyangumi, alimweka bundi wa ghalani kwenye chumba chenye giza totoro na majani makavu sakafuni. Bundi alimkamata panya. Payne akavuta kipande cha karatasi kilichosokotwa juu ya majani yale, bundi akakirukia karatasi. Kwa hiyo si harufu wala joto la mwili, ni mchakacho. Mwaka 1978 Eric Knudsen na Masakazu Konishi wakaonyesha kwamba ndani ya ubongo wa ndege huyu kuna ramani kamili ya sauti: kila upande sauti inakotoka una seli zake za neva.

Mwindaji wa namna hiyo hawezi kupiga kelele mwenyewe. Ukiokota unyoya wa ncha ya bawa lake, pitisha kidole taratibu kwenye ukingo wa mbele. Utahisi vijino laini vilivyojipanga kama meno ya chanuo, vinavyoupasua upepo vipande vidogo vidogo. Geuza upande wa nyuma, nyuzi zimeachwa huru hazijashikana, zinayumba ukizipuliza. Uso wa juu wa unyoya una vinyweleo vya kuteleza, ukisugua manyoya mawili pamoja hayatoi sauti. Linganisha na unyoya wa njiwa, ambao ukiupunga hewani unasikika.

Naishia hapo kwa sasa. Nikirudi nitaanza na kaskazini kabisa mwa dunia.

Kokwa

Mkuu Manyoya, haya ni madini. Nina swali moja. Nimesikia tangu utotoni kwamba bundi haoni mchana. Sasa wale wa kaskazini kabisa, ambako kiangazi jua halizami, wanaishije?

Manyoya

Ndugu Kokwa, swali lako limenifikisha pale nilipotaka kuanzia.

Bundi wanaona mchana, tena vizuri. Wengi hulala mchana kwa sababu mawindo yao yanatoka usiku, na pia kwa sababu ndege wengine huwazonga na kuwapigia kelele wakiwaona. Macho yao yameumbwa kunasa mwanga hafifu, lakini mboni husinyaa kwenye mwanga mkali.

Bundi wa theluji (Bubo scandiacus) anazaliana tundra, nchi tambarare isiyo na miti inayozunguka Aktiki: kaskazini mwa Kanada, Alaska, Greenland, Skandinavia na Urusi. Pale kiangazi hakina usiku, hivyo anawinda mchana kweupe. Hakuna mti, hivyo anataga chini, juu ya mwinuko ambao upepo umeondoa theluji na ambao unampa nafasi ya kuona mbali. Miguu yake ina manyoya hadi vidoleni. Dume mzima anaweza kuwa mweupe pee. Jike ana mistari ya kahawia, na ukimwona amelala juu ya mayai kati ya mawe na mimea mifupi, utaelewa mistari ile inafanya kazi gani.

Chakula chake kikuu tundra ni lemingi, mnyama mdogo wa jamii ya panya ambaye idadi yake hupanda na kuanguka kila baada ya miaka michache. Bundi wa theluji anafuata mapigo hayo. Lemingi wakiwa tele anaweza kutaga mayai mpaka 11. Wakiwa adimu anataga machache, au mwaka huo hatagi kabisa, anahama kwenda kutafuta mahali pengine. Majira ya baridi ya 2013 kuingia 2014 bundi hawa walimiminika kusini mwa Amerika Kaskazini, na wengine wakaonekana mpaka Florida na Bermuda. Watu wengi walidhani ni njaa imewafukuza. Kumbe kiangazi kilichotangulia lemingi walikuwa wamefurika kaskazini mwa Quebec, Kanada, makinda mengi yakapona, na waliokuja kusini walikuwa hasa vijana wa mwaka ule, wengi wao wenye afya nzuri. Napenda mfano huu kwa sababu unakataza haraka ya kuhukumu.

Wapo wengine wa mchana. Yuko bundi-kipanga wa kaskazini (Surnia ulula), mwenye mkia mrefu, anayekaa juu kabisa ya misonobari na kuwinda jua likiwaka. Na yuko bundi wa mashimo, ambaye nitamrudia.

BintiMsitu

Naomba niongezee hapo kwenye misitu ya misonobari. Yupo bundi mkubwa wa kijivu (Strix nebulosa), anayeishi Skandinavia, Siberia, Kanada na sehemu za Marekani. Ukimtazama unadhani ana kilo tano, kumbe ni manyoya matupu. Mwili wake ni kama kilo moja na kitu. Uso wake ndio mpana kuliko wa bundi mwingine yeyote, na una duara ndani ya duara. Anakaa kwenye tawi, anainamisha kichwa, anasikiliza panya wanaotembea kwenye njia zao chini ya theluji. Halafu anaruka, anajining'iniza hewani juu ya pale, anazama miguu ikitangulia na kutoka na panya. Anaweza kumpata hata aliye chini ya theluji ya nusu mita.

Umepata mfano mwingine wa hoja yako: theluji nene, mawindo yasiyoonekana, uso mkubwa.

Kokwa

Asante dada. Na yale masikio yanayosimama kichwani, ndiyo anayosikilizia?

Mwalimu wa Zamu

Hapana, Kokwa. Vile ni vishungi vya manyoya tu. Masikio yenyewe yamefichwa pembeni mwa uso. Vishungi vinamsaidia kufanana na kisiki kilichovunjika anapolala mchana, na pia bundi huvitumia kuonyeshana hali, huvisimamisha au kuvilaza.

Kwa kuwa nimeingia, nimalize na shingo, maana najua swali linakuja. Bundi hageuzi kichwa mzunguko mzima. Anageuza nyuzi 270 hivi, yaani robo tatu ya duara. Analazimika, kwa kuwa macho yake si ya mviringo, ni marefu kama bomba, na yamekamatwa na pete ya mfupa. Hayazunguki. Akitaka kutazama pembeni lazima kichwa kizima kiende. Ana pingili 14 za shingo, sisi tuna 7.

Swali gumu lilikuwa damu: mbona mishipa haikatiki? Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, walionyesha kwamba matundu ya pingili ambamo mshipa mkuu hupita ni mapana kama mara kumi ya mshipa wenyewe, hivyo una nafasi ya kucheza. Tena karibu na kichwa mishipa inaweza kupanuka na kushika akiba ya damu ya kulisha ubongo na macho shingo ikiwa imepinda.

Manyoya

Mwalimu, shukrani sana. Umenipunguzia kazi.

Sasa niende kwenye sehemu ninayoipenda kuliko zote, maana ndiyo inayothibitisha kwamba makazi ndiyo fundi. Bundi wavuvi.

Kusini mwa Sahara, kando ya mito mikubwa, mabwawa na maeneo kama delta ya Okavango, kuna bundi mvuvi wa Pel (Scotopelia peli). Ni mkubwa, rangi ya kutu iliyochangamka, macho meusi. Anakaa kwenye tawi lililoinamia maji usiku, anangoja samaki akaribie juu na kutikisa uso wa maji, anashuka kumnyakua. Mkague sasa mwilini. Miguu haina manyoya, kwa kuwa manyoya yaliyolowa ni mzigo. Nyayo zina magamba makali yanayoshika kitu kinachoteleza. Lile duara la uso la kukusanya sauti ni hafifu sana kwake. Na vile vijino vya bawa nilivyovieleza juu, hana. Akiruka unamsikia. Samaki aliye majini hasikii mabawa yaliyo hewani, basi gharama ya kunyamaza ya nini? Ukiwa na bundi wa ghalani na bundi wa Pel mbele yako, unaona wawindaji wawili wa usiku na mazingira mawili yaliyowapeleka njia mbalimbali.

Mwenzake wa kaskazini ni bundi mvuvi wa Blakiston (Bubo blakistoni), wa mashariki ya mbali ya Urusi na kisiwa cha Hokkaido nchini Japani. Huyu ndiye anayetajwa kuwa bundi mkubwa kuliko wote: jike anaweza kupita kilo nne, na mabawa yakitandazwa yanakaribia mita mbili. Anahitaji vitu viwili kwa pamoja. Kwanza, mto wenye samaki, hasa samoni, ambao hata katikati ya baridi kali una sehemu zisizoganda. Pili, mti mzee mnene wenye tundu la kumtosha ndege wa ukubwa ule. Ukikata miti mizee, mto peke yake haumsaidii. Ukijenga kizuizi samoni wasipande, mti peke yake haumsaidii. Ndiyo maana amebaki mchache, na ndiyo maana huko Hokkaido wahifadhi wametundika masanduku makubwa ya kutagia kwenye misitu ya kando ya mito.

Tetere

Wakuu, nimefuatilia uzi huu mwanzo mwisho. Tumepewa mkubwa kabisa. Mdogo kabisa yuko wapi?

BintiMsitu

Tetere, mdogo kabisa yuko jangwani. Ni bundi-kibete wa kusini magharibi mwa Marekani na Mexico (Micrathene whitneyi), gramu 40 hivi, urefu wa sentimita 13 au 14. Chukua uzito wa Blakiston, gawanya kwa mia, ndiyo huyu.

Katika jangwa la Sonora miti ya maana ni haba, lakini kuna kaktasi warefu waitwao saguaro. Vigogota huchonga matundu ndani ya saguaro ili watage, kisha mwaka unaofuata huyaacha. Ukuta wa tundu unakauka na kuwa mgumu, ndani ni baridi kuliko nje. Hapo ndipo bundi-kibete anapopanga. Hachongi mwenyewe, hana mdomo wa kazi hiyo. Anakula nondo, mbawakawa, panzi na nge, ambao huwaondoa mwiba kwanza. Baridi ikija wadudu wanapungua, naye anahamia kusini, Mexico. Bila kigogota, bundi huyu hana nyumba.

Manyoya

Na hapo dada unanikumbusha niliyeahidi kumrudia, bundi wa mashimo (Athene cunicularia). Ni wa nyika za Amerika zote mbili, toka Kanada hadi kusini mwa Ajentina. Miguu mirefu, anasimama wima mlangoni pa shimo mchana akitazama. Kaskazini hutumia mashimo yaliyochimbwa na wanyama wa jamii ya kindi wanaoishi ardhini, ingawa sehemu nyingine, Florida kwa mfano, anaweza kuchimba mwenyewe.

Ana mambo mawili ya ajabu. Anakusanya kinyesi cha mifugo na kukitawanya mlangoni, mbawakawa wanaopenda samadi wanakuja wenyewe, naye anawala. Na makinda yake yakitishwa ndani ya shimo hutoa mlio unaofanana na wa nyoka mwenye njuga mkiani, nyoka ambaye kweli huishi kwenye mashimo kama yale. Mnyama anayechungulia anaondoka.

Tetere

Naomba kujua kitu kingine. Watu wanajuaje bundi amekula nini kama anawinda usiku na anameza mzima mzima?

BintiMsitu

Hili naomba nilijibu mimi, maana ndiyo kazi ninayoipenda kuliko zote.

Bundi hawezi kumeng'enya mifupa, nywele na magamba ya wadudu. Vinabaki tumboni, vinakandamizwa kuwa donge, na saa kadhaa baadaye analitapika. Chini ya mti anaolala utayakuta, makavu, hayanuki sana. La bundi wa ghalani ni jeusi linalong'aa likiwa jipya, ukubwa wa kidole gumba au zaidi.

Loweka donge kwenye maji ya uvuguvugu mpaka nywele zilegee. Vaa glavu. Tumia kibano na sindano, toa nywele kidogo kidogo kuanzia nje, usivute. Kwanza zitatoka mbavu, nyembamba kama nyuzi, ziweke pembeni. Kisha mifupa ya mapaja. Kisha fuvu, na hapo nenda taratibu sana kwa kuwa taya la chini huachana. Tazama meno. Panya ana meno ya mbele marefu ya rangi ya chungwa, halafu pengo, halafu magego. Kirukanjia hana pengo hilo, meno yake yameshikana toka mbele hadi nyuma na yana ncha kali. Donge moja la bundi wa ghalani huwa na mafuvu matatu, manne, wakati mwingine zaidi. Ukikusanya madonge ya mahali pamoja kwa majira tofauti, unapata orodha ya wanyama wadogo wa eneo zima bila kutega mtego hata mmoja. Kuna sehemu watafiti wametambua kuwepo kwa mnyama fulani kwa njia hii tu.

Manyoya

Kabla hatujaenda mbali, visiwa. Bundi akifika kisiwani na kukaa muda mrefu anakuwa wake mwenyewe, na ndiyo maana kuna bundi ambao dunia nzima wana kisiwa kimoja tu. Otus pembaensis yuko Pemba peke yake. Otus insularis ni wa Ushelisheli, alidhaniwa ametoweka mpaka alipopatikana tena mwaka 1959 kwenye milima ya kisiwa cha Mahé. Mwaka 2022 alitangazwa mwingine mpya kabisa kwa sayansi, Otus bikegila, wa kisiwa cha Príncipe katika Ghuba ya Guinea. Anaishi kwenye msitu wa asili wa kusini mwa kisiwa, eneo dogo sana. Jina lake limetokana na jina la utani la mlinzi wa mbuga wa hapo hapo kisiwani aliyechangia sana kumpata. Nimefurahi mno kwamba heshima hiyo imemwendea mtu wa msituni.

Kisiwa hicho hicho kinachomuumba kinaweza kummaliza. Kisiwani Norfolk, Australia, ilipofika 1986 alibaki bundi mmoja tu wa jamii yake, jike. Wakaletwa madume wa jamii ya karibu kutoka New Zealand, mmoja akazaa naye, na bundi wote walioko kisiwani leo wana damu yake. Ni machotara, ndiyo, lakini mlio haukunyamaza.

Na kuna makosa ya upande wa pili. Mwaka 1949 bundi wa ghalani walipelekwa Ushelisheli ili wale panya. Wakagundua kwamba buabua weupe wa pale, ndege ambao hawakuwahi kumjua bundi wa aina hiyo, ni rahisi kuwakamata kuliko panya. Bundi mzuri mahali pasipo pake ni balaa.

Mwalimu wa Zamu

Sentensi yako hiyo ya mwisho imenigusa, kwa sababu inahusu mjadala mgumu unaoendelea Marekani, nami sikubaliani na kila anachosema kila upande.

Pwani ya magharibi, kutoka British Columbia nchini Kanada hadi kaskazini mwa California, kuna bundi madoa wa kaskazini (Strix occidentalis caurina). Anahitaji misitu mizee sana. Mwaka 1990 aliwekwa kwenye orodha ya wanyama waliolindwa na sheria, na ukataji wa miti mizee kwenye misitu ya umma ukapunguzwa sana. Ila katika karne ya 20 bundi milia (Strix varia), wa mashariki ya bara hilo, alivuka nyika za katikati akafika magharibi. Inaaminika alisaidiwa na miti iliyopandwa na watu na kuzuiwa kwa moto kwenye nyika zile. Ni mkubwa zaidi, anakula vitu vingi zaidi, anamfukuza bundi madoa. Huko Kanada bundi madoa wa porini wamekaribia kuisha kabisa. Mwaka 2024 idara ya wanyamapori ya Marekani ikapitisha mpango wa kuua bundi milia, mpaka 450,000 kwa muda wa miaka 30.

Mimi naona ni machungu lakini hakuna njia nyingine. Mmoja ana bara zima, mwingine ana ukanda mwembamba.

Manyoya

Mwalimu, naheshimu hoja yako, ila nasita. Kuua ndege kwa miaka 30 maana yake ni kwamba ukisimama mwaka wa 31, wanarudi. Kama msitu mzee haukui tena kwa wingi, tunanunua muda tu. Nakubaliana nawe kwamba kukaa kimya nako ni uamuzi, tena wa kumpoteza mmoja moja kwa moja. Ningekubali zaidi mpango huo ukielekezwa kwenye maeneo machache ambako bundi madoa bado anazaa.

Mwalimu wa Zamu

Hapo tumekutana. Na muda ndicho kitu ambacho msitu mzee unahitaji kuliko vyote. Tundu la kumtosha bundi mkubwa halipatikani kwenye mti mchanga. Australia kuna bundi aitwaye Ninox strenua, anayekula hasa posamu, wanyama wadogo wa mitini, na tundu analotaka kwenye mikalitusi aghalabu liko kwenye miti ya zaidi ya miaka 150.

Kokwa

Wakuu mmenifungua macho. Mimi nina shamba na panya wananimaliza. Nikiwavutia bundi watanisaidia?

BintiMsitu

Watakusaidia, Kokwa, kwa masharti. Kwanza acha sumu ya panya, hasa zile za kuzuia damu kuganda. Panya aliyekula sumu hafi papo hapo, anazurura siku kadhaa akiwa mzito, na ndiye bundi anayemkamata kwa urahisi. Sumu inajikusanya kwenye ini la bundi. Huwezi kuwa na vyote viwili.

Pili, bundi wa ghalani hajengi kiota, anatafuta tundu. Sanduku la mbao lililofungwa pande zote, lenye mlango mdogo uliopanda juu ili makinda yasianguke, likitundikwa juu sana na kutazama uwanja wazi, linamtosha. Israel walianza kutumia masanduku haya mashambani mwaka 1983, na baadaye wakulima na wanasayansi wa Israel, Jordan na Palestina wakashirikiana, maana bundi havuki mpaka kwa pasipoti. Malaysia wameyatumia kwenye mashamba ya michikichi. Bundi hawatamaliza panya wote. Watapunguza, na usitegemee matokeo msimu wa kwanza.

Tetere

La mwisho kwangu. Nikikuta kinda la bundi chini ya mti nifanyeje? Nilichukue nikalilee?

Manyoya

Usilichukue haraka, Tetere. Makinda ya bundi wengi hutoka kwenye tundu kabla hayajajua kuruka. Yanatembea kwenye matawi, mengine yanaanguka, na mengi yana uwezo wa kupanda tena shina kwa kucha na mdomo. Wazazi wako karibu na wanaendelea kulilisha usiku hata likiwa chini.

Litazame kwa mbali. Kama lina manyoya yanayoanza kutoka, linasimama na kukutolea macho, liache. Kama kuna mbwa, paka au barabara karibu, lishike kwa kitambaa mabawa yakiwa yamekunjwa, liweke kwenye tawi la mti ule ule, juu kadiri unavyofika, uondoke. Ukibaki pale wazazi hawatashuka, na wengine hushambulia kichwa cha anayekaribia kinda, kwa hiyo kinga macho. Likiwa limefumba macho bado na lina vinyweleo tu, au bawa linaning'inia, au kuna damu, hapo ndipo litahitaji daktari wa wanyama au watu wa wanyamapori. Liweke kwenye boksi lenye giza na matundu ya hewa, usilipe maji wala chakula kwa nguvu, upige simu.